Kobe, Korongo na Wazee wa Milimani: Alama za Umri Mrefu katika Netsuke za Japani

Mwaka 1781, katika mji wa Osaka, mfanyabiashara mmoja wa mapambo ya panga, jina lake Inaba Tsuryu, alitoa kitabu kiitwacho Soken Kisho, ambacho sehemu yake kubwa ilihusu vyuma na nakshi za silaha, lakini ambacho mwishoni mwake kilifanya jambo lisilopata kufanywa na kitabu kingine kabla yake: kiliorodhesha majina ya mafundi zaidi ya hamsini waliokuwa wakichonga vishikizo vidogo vya mshipi viitwavyo netsuke, kikawataja kwa miji yao na kwa sifa za mikono yao. Kabla ya hapo mafundi hawa walihesabiwa pamoja na maseremala na watengeneza meno ya bandia, wala hapana mwandishi aliyeona haja ya kuhifadhi habari zao. Mwaka uliofuata ikaanza njaa kuu ya Tenmei. Mwaka 1783 mlima Asama ukalipuka na kufunika mashamba kwa majivu. Na katika miaka hiyo ya dhiki watu kwa maelfu walikufa, hasa katika majimbo ya kaskazini.

Nayataja mambo haya mawili kwa pamoja kwa kusudi, ili mtu atazamaye leo kobe wa mti aliyechongwa katika zama zile, au mzee mwenye ndevu ndefu akicheka huku amepakata tunda, asije akadhani kwamba anatazama pambo la watu walioshiba umri. Ndui na surua zilikuwa zikirudi kila baada ya miaka michache, na mwaka 1858 kipindupindu kiliingia mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, kikaua watu wengi mno kwa muda wa majuma. Walioning'iniza alama za maisha marefu viunoni mwao walijua kwa yakini jinsi maisha yalivyo mafupi, na walichokivaa kilikuwa dua.

Dua hiyo ilikuwa na asili yake ng'ambo, katika nchi ya Uchina, na huko ilisimulia habari za watu walioishinda mauti. Lakini mikononi mwa mafundi wa Japani, kwa muda wa karne mbili hivi, iligeuka maana yake pole pole, ikawa habari ya uzee mwema: uzee wenye mwenzi, wenye wajukuu, wenye kicheko na mwili uliopinda. Mageuzi haya ndiyo ninayokusudia kuyaeleza, kwa sababu naona waandishi wengi waliozieleza netsuke wamezihesabu alama zake moja moja kama mtu ahesabuye shanga, wasiangalie alama hizo zilikuwa zikielekea wapi.

Yafaa kwanza kifahamike kitu chenyewe. Vazi la Kijapani la zama zile, kimono, halikuwa na mifuko ya kutilia vitu. Wanawake waliweza kutia vitu vyao vidogo katika mikono mipana ya vazi, lakini mwanamume mwenye tumbako na kiko, au fedha, au dawa, aliving'iniza mshipini: kijaluba kilifungwa kwa uzi wa hariri, uzi ukapitishwa katika ushanga wa kukazia uitwao ojime, kisha ukapenyezwa nyuma ya mshipi, na juu ya mshipi ncha yake ikashikwa na netsuke ili mzigo usianguke. Kijaluba cha dawa, kiitwacho inro, kilikuwa cha matabaka kadhaa yaliyopandana na kupakwa laka, na kuwa na dawa kiunoni kulikuwa kwenyewe ni kujilinda na ajali. Tumbako nayo, iliyoletwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16, ilipoenea kwa watu wa kila daraja, haja ya vishikizo ikaongezeka maradufu. Serikali ya kishogun, yaani ya watawala wa kijeshi, iliwakataza wafanyabiashara kujionyesha kwa mavazi ya fahari yasiyolingana na daraja yao, na watu hao, waliokuwa wa mwisho kwa cheo ingawa wengi wao walikuwa wa kwanza kwa mali, wakaihamishia raghba yao ya uzuri katika vitu vidogo ambavyo jicho la mkubwa lingeweza kuvipita bila ya kuviona.

Netsuke ya kawaida ina urefu wa sentimita 3 hadi 5, nayo ina matundu mawili ya kupitisha uzi, moja aghalabu kubwa kuliko la pili ili fundo lijifiche ndani. Nyingine ni za duara kama andazi, nyingine ni ndefu na nyembamba za kuchomekwa katika mshipi, nyingine ni barakoa ndogo. Lakini zilizo nyingi na zilizopendwa zaidi ni sanamu kamili, zilizochongwa pande zote, hata tumboni na nyayoni, mahali ambapo mtazamaji hafiki mpaka aigeuze netsuke mkononi. Sharti moja lilimbana kila fundi: kitu hiki kiligusana na hariri ya vazi na mkono wa mtu kutwa, kwa hiyo hakikuruhusiwa kuwa na ncha ya kuchoma, wala kiungo chembamba cha kuvunjika, wala pembe ya kunasa nguo. Msomaji alishike sharti hili, kwa maana ndilo lililoamua alama ipi ya umri mrefu ingestawi na ipi ingepata taabu.

Wa kwanza kustawi walikuwa sennin, wazee wa milimani. Hawa katika mapokeo ya Kitao ya Uchina walikuwa watu waliojitenga na dunia, wakaishi kwa umande, mizizi, uyoga na pumzi iliyodhibitiwa, hata miili yao ikawa myepesi na mauti yakawakosa. Yoshimura Shuzan, mchoraji wa Osaka wa karne ya 18, ambaye Soken Kisho imemtaja kwa heshima kubwa, aliwachukua wazee hawa na viumbe wa ajabu kutoka katika vitabu viwili vya Kichina, kimoja cha maajabu ya milima na bahari, na cha pili cha sira za sennin wenyewe. Akawachonga kwa mti, akawapaka rangi, wala hakutia sahihi yake juu ya kazi yoyote. Baadaye mafundi wa Osaka na Kyoto waliwachonga kwa pembe za ndovu, na hapo jambo la biashara likaingia katika jambo la sura: pembe nyingi zilizowafikia zilikuwa masalio ya karakana za kutengeneza vipigio vya shamisen, ala ya nyuzi tatu, na kwa kuwa masalio hayo yalikuwa vipande virefu vya pembe tatu, sennin wengi wa mwanzo wamesimama warefu na wembamba, mabega yamebanwa, joho limeshuka wima, ubavu mmoja umenyooka kufuata kipande kilivyokatwa.

Katika wazee hao mmoja aliyependwa mno ni Gama Sennin, mwenye chura begani au kichwani, ambaye humpa siri za dawa. Mafundi waliuonyesha ustadi wao katika ngozi ya chura huyo kwa njia ambayo yastahili kuelezwa: fundi hubonyeza mti kwa chuma butu kila mahali anapotaka kipele kiwepo, kisha huuparaza uso wa mti mpaka usawa wa vibonyeo, kisha huutia maji, na nyuzi za mti zilizokuwa zimebanwa huvimba na kuinuka, vipele vikatokea vyenyewe, laini, visivyo na alama ya kisu. Mwingine ni Tekkai, ambaye roho yake iliuacha mwili kwenda safari ya mbali, na mwanafunzi wake, akidhani kuwa mwalimu amefariki, akauchoma mwili. Roho iliporudi haikuona maskani ila maiti ya mwombaji kiwete, ikaingia humo. Basi Tekkai ana uhai usio na mwisho, lakini anaendelea nao kwa mkongojo na nguo mbovu. Mafundi wa Japani walimchonga mara nyingi, kichwa amekiinua, kinywa amekifanya duara, akipuliza roho yake angani, na nyuso walizompa si nyuso za kifalme. Ni nyuso za wazee maskini ambao fundi aliwaona kila siku barabarani.

Karibu na sennin huja habari ya pichi. Yasimuliwa kwamba Seiobo, Malkia wa Magharibi, alikuwa na bustani ya mipichi iliyozaa mara moja tu katika kila miaka 3,000, na aliyekula tunda lake alipata umri usiohesabika. Tobosaku, ambaye kwa asili alikuwa mtu wa kweli, mwanabaraza mcheshi wa mfalme Wu wa Uchina katika karne ya 2 kabla ya Kristo, katika hekaya anasemwa kuwa aliiba matunda matatu ya bustani hiyo na kwa hivyo akaishi maelfu ya miaka. Netsuke humwonyesha akiwa amelikumbatia pichi kubwa, macho yakichungulia kando kama ya mtoto aliyetoka jikoni na kitu kisicho chake. Nyani mwenye pichi naye alichongwa mara zisizohesabika, na huenda wengi walionunua nyani huyo hawakuijua habari ya bustani ya Seiobo. Walijua tu kwamba pichi ni heri ya umri, na hilo liliwatosha. Hapa pameanza mageuzi niliyoyataja: walii amekuwa mwizi mwenye kuchekesha, na mwizi amekuwa nyani.

Miungu wawili wa umri katika jamaa ya Miungu Saba wa Baraka, yaani Jurojin na Fukurokuju, ni jambo ambalo msomaji wa pwani yetu atalipokea kwa urahisi, kwa sababu wote wawili husemwa kuwa ni nafsi ya nyota moja ya kusini, nayo si nyingine bali ni Suheli, ile ile ambayo mabaharia wa majahazi wa Bahari ya Hindi walielekea kwayo usiku. Katika sehemu nyingi za Uchina nyota hii huonekana chini sana upeoni mwa kusini, na siku si nyingi katika mwaka, ndipo kuiona kukahesabiwa kuwa ni bishara ya amani na umri twawili. Jurojin huchongwa akiwa na fimbo iliyofungwa hati ya kukunja, ambamo umeandikwa umri wa kila mja, na pembeni mwake amelala kulungu mzee. Fukurokuju hutambulikana kwa kichwa chake, ambacho kimepanda juu hata kikazidi urefu wa mwili wake, na kichwa hicho kilikuwa hiba kwa fundi: kilimpa umbo la mche, laini, lisilo na ncha, lililofaa hasa netsuke ndefu ya kuchomekwa mshipini. Wako mafundi waliomchonga mungu huyu amefungwa kilemba juu ya kichwa hicho kirefu, au watoto wakimpandia kumnyoa nywele, naye ametulia, haoni haya.

Na sasa tufike kwa wanyama wawili ambao kila Mjapani, hata mtoto, huwaunganisha na umri: korongo wa miaka 1,000 na kobe wa miaka 10,000. Katika picha za kuchora na katika hariri za arusi korongo ndiye anayetawala, kwa weupe wa mabawa yake na wekundu wa utosi wake. Katika netsuke, kinyume chake, kobe ndiye aliyeshinda, na sababu yake ni sharti lile la umbo. Korongo ni shingo na miguu, na shingo na miguu huvunjika. Kwa hiyo fundi aliyetaka kumchonga ilimlazimu amkunje, shingo ailaze mgongoni, mdomo auzamishe katika manyoya, miguu aifiche tumboni, hata ndege aliye fahari ya anga akawa donge lililosinzia. Wako waliofaulu katika kazi hiyo kwa namna ya kustaajabisha, lakini ni wachache. Wengine walimkimbilia kwenye netsuke za duara, wakamkata kwa mistari juu ya uso wa bapa, mabawa yameenea kufuata ukingo wa duara. Kobe, lakini, ameumbwa netsuke: gamba limemfunika, viungo huvivuta ndani, kichwa hukirudisha, mgongo umejaa kiganjani, na tumbo ni bapa lililo tayari kutobolewa matundu mawili ya uzi.

Kobe wa umri mkubwa huitwa minogame, naye ana mkia mpana wa mwani, unaosemwa kuwa ulimwota kwa kukaa majini karne kwa karne. Na juu ya mgongo wake, kwa mujibu wa hekaya za kale, husimama Horai, kisiwa cha wasiokufa, chenye misonobari, mianzi na miplamu. Yapo mashule mawili ya mafundi ambayo kazi zao za wanyama wa namna hii hunivutia kuliko nyingine. La kwanza ni la Tomokazu wa Gifu, wa karne ya 19, aliyesifiwa kwa kobe na nyani wake wa mti wa tsuge, ambao ni mti mgumu wa rangi ya manjano wenye chembe ndogo sana, usiopasuka upesi. Katika shule hiyo na nyingine zilizoiiga huonekana kobe waliopandana, mkubwa chini, mdogo juu yake, na mdogo zaidi juu ya huyo, wakitambaa pande mbalimbali. Nao ni mzazi, mtoto na mjukuu. La pili ni la Matsuda Sukenaga wa Takayama, aliyezaliwa 1800 na kufariki 1871, ambaye alichonga mti mwekundu wa milima ya Hida bila ya kuupaka rangi wala kuzifuta alama za kisu, hata magamba na ngozi za wanyama wake zikawa ni mikato ya wazi ya mkono wa fundi. Namtukuza Sukenaga kwa kuwa alikataa kung'arisha katika zama ambazo ung'avu ulinunuliwa kwa bei kubwa.

Katika kobe hawa watatu waliopandana naiona maana yote ikiwa imekamilika. Miaka 10,000 ya kobe mmoja ni hesabu ya ajabu tu. Lakini kobe mwenye mtoto na mjukuu mgongoni ni jambo ambalo mnunuzi wa Edo au Nagoya aliweza kuliomba kwa akili timamu. Na hivyo ndivyo ilivyo, kwa nguvu zaidi, katika wanandoa wa Takasago. Zeami, bingwa wa tamthilia za noh, aliyeishi kuanzia 1363 hadi 1443, aliandika mchezo uitwao Takasago, ambamo mzee na bikizee wanafagia majani chini ya msonobari, na mwishowe inabainika kwamba wao ni roho za misonobari miwili, mmoja wa Takasago na mmoja wa Sumiyoshi, iliyotengwa na bahari lakini imeungana kwa ndoa. Tangu hapo Jo na Uba, kama wanavyoitwa, wamekuwa nguzo ya arusi za Kijapani: Jo ana reki ya kukusanyia heri, Uba ana ufagio wa kuondolea shari. Wachonga netsuke waliwasimamisha bega kwa bega, wakaubana mwili wa mmoja na wa mwenziwe hata wakawa kipande kimoja, na reki wakailaza kifuani ili isinase nguo. Kama ningeambiwa nichague alama moja tu katika zote nilizozitaja, ningewachagua hawa, kwa sababu hawakuiba tunda, hawakunywa dawa, hawakujitenga milimani. Wamezeeka pamoja, na wanafanya kazi.

Nusura niisahau barakoa ya Okina. Ngoma ya Okina, ambayo huchezwa mwanzoni mwa mwaka na katika siku tukufu, ni ya zamani kuliko tamthilia zenyewe za noh, nayo ni dua ya amani, mavuno na umri. Barakoa yake ni uso mweupe wa mzee anayecheka kwa makunyanzi, nyusi zake ni mafundo ya manyoya, na kidevu chake kimetengwa na uso, kikafungwa kwa nyuzi ili kichezecheze. Ukoo wa Deme, uliorithi kazi ya kuchonga barakoa za jukwaani, ulichonga pia barakoa ndogo za netsuke, na katika hizo Okina wa sentimita nne ana makunyanzi yote ya Okina wa jukwaani.

Lakini uzee mwema huonekana vizuri zaidi ukipimwa na kinyume chake, na Wajapani walikuwa na hekaya nzito za kinyume hicho. Urashima Taro, mvuvi, alimwokoa kobe, akachukuliwa mpaka kasri la mfalme wa bahari, akakaa huko katika raha kwa muda alioudhania kuwa mfupi. Aliporudi kijijini kwao karne tatu zilikuwa zimepita, jamaa zake wote wamekufa, wala hapana aliyemjua, na alipofungua kijisanduku alichopewa moshi ukatoka, akawa mzee mkongwe papo hapo. Netsuke zamwonyesha Urashima na kobe wake, au na kijisanduku mkononi, au zaonyesha kasri lenyewe likiwa limechongwa, na milango na misonobari yake, ndani ya kombe lililofunguka kidogo, kazi ambayo macho huchoka kuifuata. Katika mkoa wa Wakasa yasimuliwa habari ya mtawa wa kike aliyekula nyama ya nguva angali msichana, asizeeke tena, akazika mume baada ya mume na jirani baada ya jirani kwa muda wa miaka 800, hata akachoka, akaingia katika pango la hekalu mjini Obama asitoke. Na pango hilo laonyeshwa hata leo. Nguva alichongwa na mafundi wengi sana, akiwa amepinda mkia, akilea mtoto wake au kupakata kito, na kila aliyemvaa kiunoni alikuwa amevaa habari hiyo pia. Kuna tena kijana wa krisantemu, mtumishi wa mfalme wa Uchina aliyefukuzwa na kupelekwa milimani, akawa akiandika maneno matakatifu juu ya maua, na umande ulioyagusa maneno hayo, alipounywa, ukamweka katika ujana kwa mamia ya miaka. Yeye hakuzeeka, lakini hakurudi nyumbani pia. Na ningesema kwamba hata katika sanamu zake zilizo nzuri kabisa, akiwa amekaa baina ya maua na brashi mkononi, pana ukiwa ambao hauko katika Jo na Uba.

Ua la krisantemu lenyewe, likitengwa na kijana huyo, lilikuwa na heri isiyochanganyika na huzuni. Usiku wa kuamkia siku ya tisa ya mwezi wa tisa watu wa baraza la kifalme walikuwa na ada ya kufunika maua hayo kwa pamba, na asubuhi wakajipangusa kwa pamba iliyolowa umande ili kujiepusha na uzee. Netsuke za duara zilizochongwa matundu matundu, petali juu ya petali, mpaka mwanga ukapenya, ni kumbukumbu ya ada hiyo.

Umri ulikuwa ndani ya netsuke kwa njia nyingine pia, ambayo haikutegemea sura iliyochongwa. Fundi alipomaliza kuchonga aliisugua kazi yake kwa mmea mkavu wenye ukakasi na kwa majani ya mti wa muku, kisha akaing'arisha kwa unga wa pembe za kulungu zilizochomwa. Pembe ya ndovu akaitia rangi kwa maji ya matunda ya mti wa yasha. Kazi ikaondoka mikononi mwake, ikaanza kazi ya mvaaji: hariri ilisugua mgongo wake, kidole kiliupapasa kila siku bila ya mwenyewe kukumbuka, jasho na mafuta ya mkono yakaingia, na baada ya miaka 30 au 40 nyusi za mzee zikawa zimefifia, magamba ya kobe yamelainika, na upande uliokuwa ukielekea mwili umekuwa na rangi ya asali kuliko wa pili. Wajuzi huuita ulaini huu nare, nao huuthamini sana. Kwa hiyo baba alipomwachia mwanawe kobe, mwana alipokea pamoja na alama ya umri mrefu ushahidi wa umri uliokwisha kuishiwa.

Mwisho wa matumizi haya ulikuja kwa haraka. Baada ya 1868, serikali mpya ya Meiji ilipofungua nchi kwa desturi za Magharibi, maofisa walivaa suruali na koti, na koti lina mifuko. Mwaka 1876 panga zilipigwa marufuku kwa raia. Sigara ikakiondoa kiko. Netsuke zikawa hazina kazi viunoni, na hapo zikapata wapenzi wapya: wageni walizinunua kwa makapu bandarini Yokohama, na maonyesho ya Vienna ya 1873 na ya Paris ya 1878 yakaeneza sifa ya ufundi wa Japani Ulaya nzima. Mafundi wengi waliacha matundu ya uzi wakachonga sanamu kubwa za kupamba meza. Kaigyokusai Masatsugu wa Osaka, aliyeishi kuanzia 1813 hadi 1892, ni mmoja wa wachache walioziona zama zote mbili bila ya kuushusha ufundi wao. Mwaka 1943, wakati wa vita, Ueda Reikichi alitoa kitabu chake kuhusu netsuke, na baadaye mwanasheria Mmarekani, Raymond Bushell, akakitoa kwa Kiingereza. Mkusanyo wa Bushell mwenyewe sasa uko katika makumbusho ya Los Angeles.

Siwezi kuacha suala la pembe za ndovu, nikiandika kutoka upande huu wa bahari. Katika miaka ya 1970 na 1980 Japani ilikuwa mnunuzi mkubwa wa pembe duniani, nyingi zikiwa za ndovu wa Afrika, na ingawa sehemu kubwa ilikwenda katika mihuri ya majina, sehemu yake iliingia pia katika karakana za kuchonga, zikatoka humo kobe na korongo na wazee wa umri mrefu. Mwezi wa Julai 1989 Kenya ilichoma hadharani tani 12 za pembe, na mwezi wa Oktoba mwaka huo, katika mkutano wa Lausanne, Tanzania ikiwa miongoni mwa mataifa yaliyoleta shauri hilo, biashara ya pembe za ndovu wa Afrika baina ya nchi na nchi ilikatazwa, na katazo likaanza kazi Januari 1990. Soko la ndani la Japani halikufungwa kabisa hata hivyo, na naona kwamba lingepasa kufungwa zamani. Ufundi huu haukupata kutegemea ndovu: Sukenaga hakumhitaji, Tomokazu hakumhitaji kwa kobe wake walio bora, na wachongaji wa Iwami, pwani ya magharibi, walichonga meno ya nguruwe mwitu na pembe za kulungu kwa ustadi usiopungua wa mtu yeyote.

Wachongaji wa netsuke wako hata leo, Japani na katika nchi nyingine, wengi wao wakitumia mti na pembe za kulungu. Mwanamfalme Takamado, aliyezaliwa 1954 na kufariki 2002, aliwanunulia na kuwatia moyo pamoja na mkewe, na mkusanyo wao umewekwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo. Kyoto nayo ina jumba la netsuke peke yake, lililofunguliwa 2007. Mwenye safari ya kwenda huko kwa masomo au kwa biashara, namsihi asiridhike na mahekalu na majumba marefu. Atenge nusu ya siku, asimame mbele ya kabati la kioo, awatafute Jo na Uba, awatazame kwa makini viganja vyao vilivyoshika reki na ufagio.